Onja Kwanza

Ukitaka kumuudhi Jeanine, simama kati yake na barabara. Pale kibandani Bwera, upande wa Uganda, alikata vitunguu macho yakiwa kwa watu wanaotoka mpakani, akasonga bundu, ugali wa muhogo, shingo imepinda, akamrudishia mteja chenji bila kumtazama usoni. Vidole vyake vilijaa makovu ya kisu. Alikuwa akimtafuta mdogo wake, Gracien, aliyepotezana naye siku risasi zilipolia karibu na Beni na kila mtu akashika njia yake. Tangu siku hiyo hajapata habari zake, si za uzima wala za kifo. Mtu wa namna hiyo atatuliaje, jamani?

Kibanda chenyewe hakikuwa mali yake. Kilikuwa cha mradi uliowakusanya vijana wakimbizi kule Kasese mjini, ukawafundisha kupika na kuuza: kununua samaki ziwani Kasenyi bila kupunjwa, kufunga nywele, kupanga bei, kumchekea hata mteja mwenye mdomo mchafu. Wengi waliomaliza mafunzo walitaka kubaki Kasese, penye maofisi na watu wa mishahara. Jeanine alibembeleza apelekwe Bwera mpaka wenzake wakamcheka. Madamu Mackline, mwalimu wao, alidhani ni bidii. Bidii gani! Binti alitaka barabara.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri, na sababu ilikuwa Marlène. Marlène alikuwa mkimbizi mwenzake, msichana wa Butembo mwenye sauti kubwa na tumbo lisilojaa. Alijipakulia samaki mbele ya watu, akala akilamba vidole, akawaita wapita njia huku mdomo umejaa. Kisha akahamishiwa jiko la Kasese, Jeanine akabaki peke yake, na wateja wakakatika siku hiyohiyo. Walikuja, wakanusa, wakauliza bei, wakaenda zao. Jioni alijaribu kugawa samaki bure, na hata bure watu walikataa.

"Mama, miye nimewakosea nini hawa bantu?" alimuuliza Loyi, mama kutoka Munkunyu aliyeuza vitunguu kando yake.

Loyi alimtazama kama anamwonea huruma na kumwogopa kwa pamoja. "Wewe mutoto, chakula ni yako, mbona hapana kula? Ile mwenzako ilikuwa nakula. Wewe napika, natazama barabara, basi. Watu nasema iko kitu ndani."

"Kitu gani?"

"Wewe najua."

Sumu. Loyi hakulitamka neno lenyewe, lakini Jeanine alilisikia mpaka kwenye mifupa.

Na watu wasilaumiwe sana. Huku, upande huu wa mpaka na ule, ukimkaribisha mtu bia unaifungua mbele ya macho yake, na ukimpikia asiyekujua unaonja kwanza. Jeanine alikulia katika desturi hiyo. Mama yake mwenyewe hakuwahi kumpa mgeni uji kabla ya kuunywa. Ila Jeanine alikuwa na lake moyoni. Siku chache baada ya kuvuka, alipiga magoti kanisani mbele ya sanamu ya Bikira Maria akaweka nadhiri: samaki hataingia kinywani mwake mpaka Gracien avuke salama. Alichagua samaki kwa sababu hakuna chakula alichokipenda kama hicho. Kujinyima usichokipenda ni kumfanyia Mungu mzaha. Halafu Mungu akampa kazi gani? Kupika samaki kutwa kucha!

Akastahimili. Alipika kwa pua na kwa macho, na Marlène akaonja kwa niaba yake. Sasa hakuna Marlène.

Siku ya soko Madamu Mackline alifika kutoka Kasese, akafunua sufuria, akaifunika tena. Alimvuta Jeanine pembeni.

"Sikufukuzi, sawa? Wewe unajua kazi. Lakini leo soko lote liko hapa, na kama sufuria hii inarudi imejaa, ninafunga Bwera. Utaenda kuuza Kasese na Marlène."

"Madamu, niongeze siku kidogo."

"Nimekuongeza mpaka mimi nagombezwa."

Kasese! Kutoka Kasese angemwonaje mtu anayeshuka mpakani na kifurushi kichwani, asiyejua hata dada yake yuko nchi gani? Gracien angempita akapotelea kambini, au Kampala, au popote. Alirudi kwenye jiko, akapuliza makaa yaliyokuwa yamewaka vizuri tu, akafunika sufuria, akaifunua, akaifunika.

Ndipo wakaja wapakiaji wa magunia, kundi zima, na mbele yao Kosiya, jitu la mabega mapana lililojulikana soko zima kwa utani wake.

"Dada, harufu hii inatuua. Onja tukule."

Watu waligeuka. Hata waliokuwa wakipatana bei ya maharagwe waliacha wakasogea. Jeanine alimega bundu, akatafuna. Akachota sombe, yale majani ya muhogo, akatafuna. Akafungua mdomo kabisa waone kwamba amemeza.

"Na samaki?" akauliza Kosiya.

"Samaki… miye sikulaka samaki."

"Eh-eh! Mpishi wa samaki hali samaki!" Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha utani. Kijana mmoja aliyekwisha shika sahani aliiweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali.

"Iko nadhiri," Jeanine akasema. "Niliahidi Mungu."

"Kila mwenye sumu ana nadhiri," mtu akajibu kutoka nyuma. Kosiya akainua mabega, akawaashiria wenzake waondoke.

Hasira zilimpanda Jeanine, na si kwa Kosiya. Zilimpanda kwa aliye juu. Akishika nadhiri, anapoteza barabara. Akishika barabara, anavunja nadhiri. Yote mawili aliyafanya kwa ajili ya Gracien, sasa yanagombana kichwani mwake kama wake wenza. Basi Wewe unataka nini? aliuliza moyoni, bila adabu kabisa. Sema! Akazamisha mkono kwenye sufuria, akang'oa mnofu mnene wa tumboni, mchuzi ukimchuruzika hadi kiwiko, akautia mdomoni.

Akatafuna. Akakunja uso.

"Yesu wangu! Chumvi iko wapi?"

Kosiya akapasuka kwa kicheko mpaka akamshika mwenzake bega. "Mutu wa sumu anaweza kulalamikia chumvi? Lete sahani, dada! Lete!"

"Wiki nzima nauzia bantu maji ya moto," Jeanine alinung'unika, akinyunyiza chumvi, akikoroga, akionja tena. Na tena. Alikuwa mtamu, samaki yule, mtamu hasa, na mkono ulirudi wenyewe kabla hajaukataza. Aliona aibu kwa utamu ule, lakini hakuacha.

Soko lilimmiminikia. Huyu anataka kichwa, yule anataka mkia, Loyi anapiga kelele awekewe kabla hawajamaliza. Madamu Mackline alifunga aproni akaosha sahani. Jeanine alipakua, akakaripia, akachekwa, akacheka. Kosiya alimwita shemeji, naye akamuuliza kwani ameoa kwao lini, watu wakapiga makofi.

Sufuria ilipobaki na mafuta tu, Madamu Mackline alikaa juu ya kreti akahema. "Bwera inabaki. Umesikia? Inabaki."

Jeanine alitabasamu. Kisha tabasamu likamtoka. Aliinua kichwa, na soko lilikuwa limeshatawanyika, malori yameshapita, wavukaji wa siku ile wote wameshashuka na kwenda zao. Tangu aweke ule mnofu mdomoni hakuwa ameitazama barabara hata mara moja.

Alitoka mbio na aproni yake. "Mama Loyi! Umeona kijana? Mwembamba, mweusi, anatembea akiinama kidogo?"

"Mutoto yangu," Loyi alisema, akifunga gunia lake, "leo watu ilikuwa mingi."

Jeanine alisimama katikati ya barabara, vidole vikinuka samaki, asijue amtafute Gracien upande wa Congo au upande wa Kasese.