Shokapu Mpya za Mbuzi wa Baba

Habari ilimfikia kupitia kwa mziba pancha wa jirani, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na kifuniko.

"Pimajicho!" alimwita kutoka ng'ambo ya barabara, tairi likiwa mapajani. "Nimeona pikipiki ya mzee wako kule kwa dada yako. Imepandishwa juu ya kreti, haina tairi la mbele, haina shokapu. Imebaki kama ng'ombe aliyepiga magoti. Vipi, umestaafu siku hizi?"

Pimajicho alikuwa amelala chali chini ya pikipiki ya mteja, akikaza boliti ya injini. Aliikaza mpaka spana ikalia, akaikaza tena bila sababu yoyote, boliti ikakatika.

Jina lile alipewa na wateja, kwa kuwa alikuwa akiitazama nati mara moja tu na kutaja spana yake, "kumi na saba," na ikawa kumi na saba. Miaka ishirini na mbili alikuwa na gereji yake pale njia panda. Dada yake alijifunzia kazi hapo hapo. Alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akaja kufungua injini, na miaka mitatu iliyopita akapanga chumba chake mwenyewe kule juu karibu na mashine ya kusaga. Pimajicho ndiye aliyembebea meza ya kazi siku ya kuhamia. Akamtania mbele za watu kwamba atarudi kabla mvua hazijaisha.

Hakurudi. Na polepole watu wakaacha kumwita "mdogo wake Pimajicho", wakaanza kumwita "Fundi", basi, bila kuongeza kitu. Mtu akisema "nimeiacha kwa Fundi," Pimajicho alijua si kwake. Neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Hata hivyo alijifariji kwamba pikipiki ya Baba ni yake. Baba yao alikuwa bwana misitu, na alipostaafu aliinunua kwenye mnada pikipiki ile ile ya porini aliyoitumia kazini. Aliiita Mbuzi kwa sababu hakuna mwamba ulioishinda. Tangu hapo hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa isipokuwa wa Pimajicho. Sasa mkono mwingine ulikuwa umeing'oa miguu ya mbele.

Akafunga gereji saa nne asubuhi, akamwambia mteja aje kesho, akapandisha barabara kwa miguu.

Chumba cha dada yake kilikuwa kimefagiwa mpaka pembeni. Spana zilitundikwa ukutani kwa ukubwa wake, kila moja na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi. Kwenye stuli, suruali ameikunja mpaka magotini, alikaa Baba. Ameshika kitambaa, anafuta ekseli ya gurudumu la zamani, na anacheka. Hapo ndipo roho ilipomuuma Pimajicho hasa. Kule njia panda, miaka yote ile, Baba alikuwa akija, anasimama mlangoni, anauliza itakuwa tayari lini, anaondoka. Hakuwahi kukaa. Hakuwahi kushika kitambaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni, umefunga kazi?"

"Nilikuwa napita tu."

"Kaka, umekuja wakati mzuri!" Dada yake aliinuka, mikono myeusi mpaka viwikoni. "Hebu tazama. Ndiyo nimemaliza kuzisimamisha."

Pimajicho akatazama. Zile shokapu za zamani zilikuwa zimelazwa sakafuni, nyembamba kama mipini ya mifagio, zinavuja oili. Mahali pake zilisimama mbili nene, zimetoka kwenye pikipiki ya mashindano iliyogongwa nyuma. Dada yake akaanza kumweleza, maneno yakikimbizana: mhimili wa usukani uliokuja nazo haukuingia, akaung'oa ule wa Mbuzi na kuuhamishia kwenye vishikio vipya vya shokapu, beringi kabadilisha juu na chini, ekseli ilikuwa nene kuliko tundu la gurudumu, ikabidi achukue gurudumu la ile nyingine pamoja na breki yake ya diski, na fundi kerezo akamchongea bushi mbili za kujazia pembeni. Sili mpya, oili mpya, springi kazichagua kwa uzito wa Baba.

"Nilimpima kwenye mizani ya mashine ya kusaga," alisema. "Alipanda kama gunia."

"Gunia la mahindi makavu," Baba akadakia, na wote wawili wakacheka.

Pimajicho alijikaza kisabuni, akatabasamu, huku macho yake yakitafuta kasoro. Alichuchumaa, akapitia boliti moja baada ya nyingine, akashika ringi akaitikisa, akabonyeza usukani, mbele ikashuka taratibu na kupanda taratibu, bila kudunda. Kazi ilikuwa safi. Usafi ule ulimchoma kuliko angekuta uchafu.

"Mbona hukuniambia, Baba?" aliuliza, akijifanya hana neno.

Baba alinyoosha viganja vyake. Vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba. "Nilikwambia. Mara tatu. Nilisema nikienda kwenye mizinga ya nyuki kule mlimani, mawe yote yanapitia hapa. Ukasema chuma hiki kimezeeka, nikiuze ninunue skuta."

Pimajicho alizitazama shokapu za zamani pale sakafuni. Alikumbuka. Alikuwa amesema huku akiandika namba ya simu ya mteja mwingine, bila hata kuinua uso.

"Sasa, Fundi," Baba akamgeukia bintiye, na Pimajicho akasikia neno lile likitoka kinywani mwa mzazi wake mwenyewe, "usukani ungekuwa juu kidogo tu, mgongo wangu ungekushukuru."

"Dakika tano." Akafungua usukani, akaweka vipande viwili vya kuuinua, urefu wa vidole viwili hivi, akaufunga tena. Mara mwenye mashine ya kusaga akamwita nje kuhusu mkanda, naye akatoka mbio.

Pimajicho alibaki na pikipiki, Baba akiwa bado kwenye stuli yake. Akaushika usukani akauzungusha mpaka mwisho wa kulia. Mpira wa breki, unaotoka kwenye mkono wa breki kushuka hadi kwenye diski, ukakazika kama kamba ya kuanikia nguo. Dada yake aliupima kabla ya kuinua usukani, na sasa ulipungukiwa na vidole vile viwili. Aliugusa kwa kidole. Ukigeuza kwa nguvu kwenye kona kali, mara moja, mara tano, siku moja ungechomoka pale ulipofungiwa.

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Dada yake akarudi, anajifuta mikono, uso unang'aa.

"Eeh, Kaka? Sema."

"Hongera," alisema Pimajicho. "Kazi nzuri." Akaaga, akaondoka.

Alirudi gereji lakini kazi haikukaa mikononi. Akaifungua kabureta ya mtu, akasahau kwa nini ameifungua. Alijiambia dada yake ataliona kosa mwenyewe, si anajiita Fundi. Alijiambia hakitatokea kitu kikubwa: oili ya breki itamwagika palepale uani, Baba ataona, basi, ijulikane kwamba uzoefu haununuliwi. Kila alipofika hapo aliiona ile njia ya mlimani, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, akaiweka bisibisi chini na kuiokota tena.

Saa tisa alasiri akasikia mlio anaoufahamu kuliko sauti yake. Mbuzi akaja anateremka barabara, akaruka tuta bila kuyumba, akasimama mlangoni. Baba alivua kofia ngumu, uso umejaa furaha ya kitoto.

"Panda," alisema. "Nimekuletea uionje kabla sijaenda mlimani."

Pimajicho alipanda. Alipita nyuma ya maduka, kwenye ile njia ya makorongo ambayo kila mtu huipita kwa kusaga meno, na mikono yake haikusikia kitu. Shimo lilikuja, gurudumu likazama, likatoka, usukani ukabaki umetulia kama meza. Alikuwa ameitunza pikipiki hii miaka yote ikiwa inamtetemesha baba yake mifupa, akiita hali hiyo uzee. Macho yalimwasha. Mwisho wa njia akageuza kulia kabisa, akauhisi mpira ukivuta mkono wa breki.

Alirudi akiisukuma.

"Mpira wa breki ni mfupi," alisema, na bila kutaka, sauti yake ikapanda ili mziba pancha asikie. "Hii ingekuua huko mlimani! Ndiyo maana nasema kazi hizi zinataka mtu aliyekaa nazo. Huwezi tu—"

"Umeuona saa ngapi?" Baba aliuliza.

"Sasa hivi. Pale kwenye kona."

Baba hakukasirika. Alimtazama tu, vile alivyokuwa akiwatazama zamani wakata miti waliokutwa msituni na shoka na kusema wanatafuta dawa.

"Asubuhi uliushika kwa kidole," alisema taratibu. "Nilikuona. Nikadhani unaisifia kazi ya mdogo wako moyoni."

Mziba pancha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliinama akashughulika na tairi. Baba alishika usukani, akaanza kuisukuma pikipiki kupanda kilima, mzee wa miaka sabini na moja. Pimajicho alisimama kidogo, kisha akamfuata, akashika upande wa pili.

Dada yake aliwaona toka mbali, akatoka mlangoni. "Imezima?"

Pimajicho alitangulia kabla Baba hajasema. "Mpira wa breki haufiki ukikata kulia. Ni baada ya kuinua usukani." Akameza mate. "Niliuona asubuhi. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuonea kijicho."

Dada yake alimkazia macho. Kisha akaurusha usukani kulia, akauona mpira ulivyokakamaa, akajipiga kofi la paja. Kwa hasira yote, alijihesabia kosa lake kwanza, na hilo nalo likamuuma Pimajicho. Dada akafungua kishikizo cha mpira, akaupitisha mbele ya vishikio badala ya pembeni, ukapata nafasi, ukalegea. Akaufunga. Akajaribu kulia, kushoto, juu, chini. Ndipo akamgeukia.

"Kaa chini."

"Dada yangu, mimi—"

"Kaa hapo, Kaka. Pikipiki hii anaipanda baba yetu. Kama umeona kingine, utakisema leo. Anza na ekseli."

Akakaa sakafuni kama mwanagenzi. Alianza na ekseli, akaenda kwenye bushi, kaliper ya breki, sili, boliti za vishikio, beringi, usukani, kimoja kimoja, akishika, akivuta, akisikiliza. Baba alikaa kwenye stuli yake, anatazama. Wateja wawili waliingia, wakaambiwa wasubiri. Ilimchukua zaidi ya nusu saa.

"Hakuna kingine," alisema hatimaye.

"Sikusikia."

"Kazi ni nzuri. Mimi nisingeweza kuifanya hivi."

Ilikuwa kweli, na kuitamka hakukumpunguzia kitu. Kijiba cha roho kilibaki pale pale. Dada yake aliitikia kwa kichwa, hakusema ahsante, akawaita wateja wake. Baba alivaa kofia, akawasha Mbuzi, akashika njia ya mlimani. Wakasimama mlangoni wote wawili, mbalimbali, wakimsikiliza mpaka mlio ulipopotea nyuma ya miti, kisha Pimajicho akateremka kwenda kumtafuta yule mteja wa asubuhi, amwambie kwamba boliti ya injini imekatika na yeye ndiye aliyeikata.