Kichujio Kitupu

Maabara nzima ilikuwa inacheka isipokuwa Redio, na Redio kunyamaza ni habari. Jina hilo alipewa kazini, maana alijua nani kamnunia nani tangu ghorofa ya chini hadi paani, alikobadilisha vichujio vinavyonasa vumbi la upepo wa baharini. Vumbi hilo huoshwa kwa maji, kisha matone ya maji hayo hupozwa ili ionekane yanawahi kuganda kiasi gani. Chembe zinazoyawahisha ndizo zinazotengeneza barafu mawinguni.

"Nyuzi kumi na mbili tu chini ya sifuri!" Bosi alipiga meza. "Siku zote hayagandi mpaka ishirini na kitu. Bahari yetu ina jambo!"

"Na kile kichujio kitupu cha kulinganishia nacho kisafi, hakina kitu," alisema Binti Miwani, mpima matone.

Redio alitamani ardhi ipasuke immeze. Kichujio kitupu hufunguliwa paani dakika moja bila pampu ya kuvuta hewa, kipate uchafu wote wa mikono na nguo za mbadilishaji, ndipo kilinganishwe na kile cha kazi. Safari hii hakukifungua. Simu ilikuwa begani, wifi yake anammwagia umbea, jua linachoma; akajipaka poda shingoni palepale kando ya pampu. Kitupu alikichomoa kwenye boksi, akaandika daftarini "kimefunguliwa", basi.

"Ripoti inaondoka saa nane," Bosi alisema. "Redio, leo vipi? Betri zimekwisha?"

Wakaangua kicheko.

"Bosi, hiyo si bahari. Ni poda yangu."

Akaeleza yote, macho kwenye viatu. Bosi hakufoka, angefoka ingekuwa nafuu. Alivuta kiti, akakaa.

"Asante kwa kusema, dada. Na vile vitupu vya wiki nyingine?"

Hilo hakulitegemea. Binti Miwani, aliyepima miaka miwili akiuamini mwandiko wa Redio, alivua miwani.

"Dada'angu, niambie ni hiki kimoja tu."

Redio alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Ni vingi," alisema. "Siku za upepo mkali. Na siku za simu."

Binti Miwani alisukuma daftari mbele yake, na Redio, masikio yakimwaka moto, akaanza kukata kwa kalamu mwandiko wake mwenyewe, tarehe baada ya tarehe, wote wakimtazama.