Mkono Kwenye Mkia

Kondoo alifika mbele ya ufito wa mwanzi uliolazwa njiani, juu kidogo ya ardhi, akasita. Miguu ya mbele ikavuka. Ya nyuma ikatetemeka, na kabla Berthe hajajua anafanya nini, mkono wake ulikuwa umemshika mnyama mkia na kumwinua. Kondoo akavuka.

“Amevuka muzuri,” alisema Daktari Aristide, aliyesimama upande wa pili na kuona kichwa na kifua cha kondoo tu. “Lundi tunaweza kuanza na Willy.”

Jumatatu! Berthe aliutazama mkono wake. Kwao Boga, alikokulia katikati ya ng'ombe uani, mnyama akilemewa hushikwa mkia akanyanyuliwa. Mkono hujifunza hilo kabla ya mdomo kujifunza sala. Lakini katika banda hili la utafiti alimofanya kazi, hapa Bunia, kondoo hakuwa wa kusaidiwa. Alikuwa ametiwa dawa mpya ya maumivu ndani ya mgongo, kwa mrija mwembamba, kwa kuwa mgongo wake unakaribia wa binadamu kwa ukubwa. Kama dawa inalemaza miguu, heri ijulikane kwake kwanza.

Na Willy alikuwa mdogo wake Berthe, tumbo moja. Saratani ilikuwa imemwingia mifupani. Asubuhi ile aliuma shuka asilie mbele ya watoto. “Yaya, ambia docteur miye niko tayari,” alimwambia dada yake. “Hata leo.”

Berthe aliogopa, aliogopa kweli. Akinyamaza, Willy atapata dawa, na huenda ikamnyang'anya miguu. Akisema, atamrudishia maumivu kwa mkono wake mwenyewe. Njia mbili zilimshinda fisi, na Berthe hakuwa na nguvu za fisi.

“Docteur, hakuvuka yeye peke yake. Ni miye nilimuinua na mukia.”

Aristide alizunguka akaja nyuma ya kondoo. “Basi murudishe, tuone tena.”

Safari hii Berthe alifumbata mikono mgongoni. Kwato ya nyuma ilijiburuta, ikagonga mwanzi, mwanzi ukaanguka.

“Lundi haiko tena,” alisema Aristide taratibu.

Jioni, nyumbani kwao mtaa wa Mudzipela, Willy alitoka na fimbo yake kumpokea, uso umekunjamana kwa maumivu. Kati yao palikuwa na mtaro. Mkono wa Berthe ulinyooka wenyewe, akaurudisha. Willy akanyanyua mguu mmoja, kisha wa pili, akavuka.

“Yaya, ni lundi?”

Berthe alikuwa bado anaitazama miguu ya mdogo wake, iliyovuka bila mkono wa mtu.