Picha Zinazotoka Nje ya Kioo

Kwa miaka miwili Zébédée alikuwa akiweka akiba ya kununua televisheni, kidogo kidogo. Alikuwa dereva wa lori la samaki wakavu kati ya Kinkondja na Kamina, na kila aliporudi safari alileta nyumbani vumbi, harufu ya samaki na ahadi ileile: iko siku yeye, mkewe Élisa na binti yao Naomie watatazama filamu ambazo picha zake hutoka nje ya kioo. Naomie, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa na mashine ya michezo aliyoachiwa na mjomba wake. Televisheni hiyo aliitamani kuliko nguo mpya.

Jumamosi moja wakaenda dukani kwa Yav, karibu na stesheni ya Kamina. Yav alikuwa amepokea kwa treni televisheni mbili za namna hiyo, zote zimekwisha kutumika Ulaya, maana viwanda viliacha kuzitengeneza zamani.

"Tofauti iko mu lunete," Yav akawaeleza, huku akifuta miwani hiyo kwa shati lake. "Hii ya kwanza, lunete yake iko nyepesi, haiombi kuchaji. Ile ingine picha yake iko safi zaidi, lakini lunete unaichaji, na umeme ya hapa munaijua: inakuja, inaenda. Kazi yabo iko moja. Kila jicho inapata picha yake, kichwa njo inaunganisha."

Wakavaa miwani. Kwenye kioo ndege mkubwa akakunjua mbawa, akaruka kuwaelekea. Naomie akapiga ukelele na kunyoosha mkono amshike. Élisa akajikuta amerudi nyuma hatua nzima. Alipomgeukia mumewe acheke naye, alimwona Zébédée amesimama wima kama mtu anayengoja kuitwa jina. Kisha naye akanyoosha mkono, lakini ndege alikuwa amekwisha kupita.

"Papa, inatoka?" Naomie akauliza.

"Inatoka, mama. Muzuri sana."

Yav, mfanyabiashara wa siku nyingi, hakudanganyika. Akambadilishia miwani. Akawasha televisheni ya pili, akampa miwani ya kuchaji. Zébédée akatazama, akaivua haraka. "Zote iko sawasawa. Chagueni benyewe."

Ndipo Élisa alipokumbuka. Miezi saba nyuma betri ya lori ilimpasukia mumewe usoni huko njiani. Alikaa hospitali siku nne, akarudi akisema jicho la kushoto limepona. Na kweli lilionekana zima, ila lilikuwa na weupe kidogo kama maziwa yaliyotiwa maji. Tangu hapo alikuwa amevunja kioo cha pembeni cha lori mara mbili, na mara mbili akalaumu ubovu wa barabara.

Élisa akamsogelea. Bila kusema neno akamfunika jicho la kuume kwa kiganja chake.

"Papa Naomie, unaona nini?"

Yav akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo sakafuni.

"Giza," Zébédée akasema, kwa sauti ya chini mno.

Hawakununua kitu. Walirudi kwa miguu. Naomie alitangulia mbele, akilia na kuficha kilio.

"Pale juu ya lori bamama banakaa na mizigo yabo," Élisa akaanza walipofika nyumbani. "Bamoja banabeba batoto. Na weye unabaendesha na jicho moja?"

"Nikiacha usukani, tutakula nini? Minyi najua ile njia hata usingizini."

"Njia unaijua. Lakini ule wa baiskeli mwenye kutokea kushoto, utamujua?"

Jumatatu asubuhi Zébédée akachukua funguo za lori na kutoka, na Élisa akamfuata mpaka uwanja wa malori. Abiria walikuwa tayari wamepanda juu ya magunia. Mbele yao wote Élisa alimwambia Kisimba, mwenye lori, kwamba dereva wake haoni kwa jicho la kushoto.

Kisimba akamtazama Zébédée, akingoja akatae. Hakukataa. Aliziweka funguo juu ya boneti, akaondoka kwa njia ya sokoni, wala hakumtazama mkewe.

Kisimba hakukosa huruma: akampa kazi ya kupima magunia kwenye mizani, kwa nusu ya mshahara. Mjini watu walisema mwanamke yule alimwuza mumewe. Élisa aliyasikia, akaendelea na shughuli zake. Lililomuuma zaidi lilikuwa nyumbani: Zébédée alikula, akalala, akaamka, na kwake yeye hakutoa neno. Likipatikana la kusema, alimtuma Naomie.

Ikapita hivyo wiki tano. Asubuhi moja Élisa alikuwa akipepeta unga wa mahindi uani. Zébédée akatoka na kigoda, akakaa karibu naye, akatazama mikono ya mkewe kwa muda mrefu.

"Mama Naomie."

Ungo ukasimama.

"Hata hii jicho ya kuume," akasema, "tangu siku tatu inaona moshi. Niko na woga."

Élisa akauweka ungo chini. Alijipangusa unga, akaingia ndani kuchukua akiba ya televisheni na kitenge cha kutokea, kisha akamshika mumewe mkono, wakashika njia ya hospitali.