Bolti za Upande wa Kushoto

Kipande kimoja cha flaiwili kilipatikana katika shamba la pamba, hatua mia tatu kutoka kwenye njia ya mashindano, nacho kilikuwa bado na joto. Orville Stitt ndiye aliyekiokota. Alikifunga kwenye leso, akakishika kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga, akarudi polepole kati ya mistari ya pamba huku king'ora cha gari la wagonjwa kikififia kuelekea mji wa Tulare. Waliomwona walisema mzee amepigwa na huzuni. Hawakujua kwamba huzuni ilikuwa bado haijapata nafasi.

Katika bonde lile la California, mwaka ule wa sitini na nne, hakukuwa na mkaguzi wa magari ya mbio aliyeheshimiwa kama yeye. Flaiwili ni gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, na klachi hulikumbatia. Vyote viwili huzunguka mara elfu nane kwa dakika, kando kabisa ya miguu ya dereva. Vikipasuka, hupasuka kama bomu. Miaka saba kabla, Orville alishuhudia dereva mmoja wa Fresno akifa hivyo mbele ya mama yake, na tangu siku hiyo hakutulia. Katika karakana yake ya kuchomelea alitengeneza ngao za chuma cha pua za kuzingira klachi. Alizunguka klabu zote za mbio akizihubiri, akachekwa, akaitwa bibi wa klachi, mpaka ngao zikawa sheria. Kila Jumapili alilala chali chini ya kila gari, tochi mkononi, akizijaribu bolti za ngao moja baada ya nyingine. Asiyekuwa nazo kamili hakupata kibandiko, na asiye na kibandiko alikwenda kukaa na watazamaji.

Isipokuwa Jumapili ile. Gazeti la wilaya lilikuwa limetuma mpiga picha aje amwone mtu anayelinda miguu ya madereva, na Orville, mjane aliyezoea kuvaa ovaroli siku saba za juma, alikuwa amenunua shati jeupe akalipiga pasi mwenyewe mara mbili.

Dereva Tello Barrera alifika na gari lake kwenye foleni saa nne hivi. Walijuana miaka kumi. Jumapili nyingi, mbio zikiisha, Orville alikula kwa Tello na mkewe, Hortensia.

"Ingia chini, mzee," Tello alisema. "Jana nilibadilisha klachi. Bolti za ngao za upande wa kushoto sina imani nazo. Nahisi nyuzi zinateleza, hazikazi."

Orville alitazama ardhi. Palikuwa na tope jeusi la oili. Akamtazama mpiga picha, aliyekuwa akifungua miguu ya kamera yake.

"Umezifunga wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

"Basi. Ningeogopa kama angefunga shemeji yako."

Tello alicheka. "Shemeji hata mlango hajui kuufunga." Lakini hakuondoka. "Kweli huangalii?"

"Peleka gari, Tello. Unazuia watu."

Akambandikia kibandiko kwenye kioo, akakilainisha kwa kidole gumba.

Klachi na flaiwili vilipasuka kabla gari halijafika nusu ya njia. Ngao ya chuma, ile ile aliyoichomelea Orville kwa mikono yake, ilichomoka upande wa kushoto kama kifuniko cha kopo, na vipande vikapita hapo. Mguu wa Tello wa kushoto ulikatwa juu kidogo ya kifundo. Alipozinduka hospitali, hakukumbuka chochote cha Jumapili ile, hata kifungua kinywa.

Siku ya tatu, Wendell Krause, mwenyekiti wa klabu, alimfuata Orville karakanani.

"Bolti mbili zilikuwa zimelegea," alisema. "Wewe huwezi kupitisha kitu kama kile, kila mtu anajua. Maana yake Tello alizigusa baada ya ukaguzi. Tutamfungia kushindana maisha yake yote."

"Mimi ndiye niliyempa kibandiko, Wendell."

"Ulimpa, naye akakugeuka. Pole sana, bwana."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Orville alichukua kitambaa akaanza kufuta spana iliyokuwa safi tayari. Krause alimpiga begani akatoka. Hivyo ndivyo ukimya wake ulivyotia sahihi hukumu ya mtu mwingine.

Picha ilitoka Alhamisi. Mkahawani watu waliinuka kumpa mkono. Mwenye mkahawa aliikata akaibandika karibu na mlango, na tangu siku hiyo Orville akawa anakunywa kahawa nyumbani. Aibu ya mtu aliyeumbuliwa huchoka, maana watu huizoea wakahamia ya mwingine. Aibu ya mtu anayesifiwa haichoki; kila sifa ni kuni. Hospitali alikwenda mara moja tu, akachagua saa ambayo wagonjwa hulala, akasimama mlangoni dakika mbili akitazama shuka lilivyolala bapa pale ambapo pangepaswa kuwa na mwinuko, akaondoka kwa vidole vya miguu kama mwizi.

Jumapili ya nne, mchana, aliegesha gari mbele ya nyumba ya akina Barrera. Tello alikuwa amekaa barazani, magongo yameegemezwa ukutani.

"Nilikuwa nakusubiri, mzee. Kaa. Nataka nikuombe msamaha."

Orville alibaki amesimama. "Msamaha wa nini?"

"Wendell amenieleza. Sikumbuki kuzigusa zile bolti, lakini kama wewe ulizikagua, basi ni mimi. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu." Tello alishusha sauti, akatupa jicho mlangoni. "Na Hortensia hajaniuliza lolote. Ananifunga bandeji, ananyamaza. Najua anachofikiri. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Orville alihisi miguu yake yote miwili, mizima, ikimlemea. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa hili hakuwa na ngao.

"Sikuzikagua," alisema. "Sikuingia chini, Tello. Uliniomba mara mbili. Ulisema bolti za kushoto huna imani nazo. Nikakwambia unazuia watu."

Tello aliinua uso kumtazama.

"Kwa nini?"

Swali hilo alikuwa amelijibu kichwani njia nzima, kwa maneno mengi mazuri. Sasa yote yalimwishia, likabaki moja.

"Nilikuwa nimevaa shati jeupe."

"Shati."

"Ndiyo."

Tello alinyoosha mkono, akachukua gongo moja. Orville hakurudi nyuma, angeshukuru kupigwa. Lakini Tello alililaza tu mapajani, akawa anaviringisha mpira wake wa chini kwa kidole.

"Wendell anajua?"

"Nimemwachia barua asubuhi. Nimeandika yote. Na ukaguzi nimeuacha."

"Hortensia je?"

"Bado. Nilidhani labda wewe…"

"Mimi nimemwambia mengi majuma haya," Tello alisema taratibu, "nimejilaumu mpaka nikachoka, kumbe yote uongo. Hilo nenda ukalimalize wewe. Yuko jikoni."

Orville aliingia ndani. Hortensia alikuwa amempa mgongo, akigeuza tortilla, chapati ya mahindi, kwa ncha za vidole juu ya bamba la moto.

"Nimesikia gari lako, Bwana Orville," alisema bila kugeuka. "Jumapili tatu umetutupa. Kaa, utakula. Ni mchuzi wa nguruwe na pilipili mbichi, ule unaoupenda."

Akavuta kiti kwa mguu, maana mikono yake ilikuwa na unga. Orville alishika mgongo wa kiti. Hakukaa.

"Hortensia," alisema, "zima moto kwanza."

Hortensia aligeuka akamtazama, kisha akautazama mlango, kule barazani alikokaa mumewe. Akafuta unga mikononi, polepole, kidole baada ya kidole, akainama akazima moto.