Ujumbe Umewafikia Wote

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa nne, saa tatu na robo asubuhi, Edinah alikuwa amepanga simu thelathini na moja kwenye ubao wa kuchajia, kila moja na kikaratasi cha jina mgongoni. Kibanda chake kilikuwa sokoni, juu kidogo, mahali ambapo jua huwahi kufika kwenye sola. Watu wa kijiji cha bondeni, kando ya Mto Kuja, walimletea simu asubuhi na kuzichukua jioni, kwa sababu nyaya za stima zilipita juu ya vichwa vyao zikielekea kwingine na hazikuwahi kushuka.

Chini ya ubao kulikuwa na droo ya simu zilizosahauliwa. Zilikuwa tisa. Wenyewe walikufa kabla ya kuzifuata, na jamaa zao, kwa pilikapilika za matanga, hawakuzikumbuka. Edinah hakuziuza wala hakuzitupa. Kila Jumapili alizichaji, kwa sababu cha mtu ni cha mtu.

Saa tatu na robo, hizo tisa zililia kwa pamoja, mlio mkali kama wa mbuzi aliyekanyagwa. Zile thelathini na moja za ubaoni zilinyamaza. Edinah akafungua droo na kusoma. Ujumbe ulikuwa mmoja kwenye zote: TAHADHARI YA SERIKALI. MTO KUJA UTAFURIKA LEO SAA NANE MCHANA. HAMIA SEHEMU YA JUU PAMOJA NA FAMILIA YAKO.

Nusu saa baadaye wenyewe wakaanza kufika. Wa kwanza alikuwa Mzee Onyango, aliyekuwa karani wa korti na aliyefariki mwaka wa 2019. Alivaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo, na begani ilikuwa bado na udongo. Alisimama kwenye foleni nyuma ya mama mmoja muuza sukuma wiki mpaka zamu yake ikafika.

"Nyar Kisii, nipe simu yangu," alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu zamani, binti wa Kisii.

"Iko tayari, jaduong'. Imejaa chaji," alijibu Edinah, akimwita mzee kwa Kiluo.

Mzee alivaa miwani, akausoma ujumbe mara mbili, kisha akatikisa kichwa. "Saa nane! Na hawa watoto wangu wameanika mahindi."

"Na sisi wengine je, jaduong'? Simu zetu hazijalia."

"Hapa wameandika 'familia yako'. Hawajaandika 'na jirani'. Miaka thelathini kortini, mimi husoma kile kimeandikwa." Akamshukuru, akateremka bondeni kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli.

Kufikia saa nne na nusu droo ilikuwa tupu. Simu hizo hazikurudi tena kibandani, kwa kuwa simu ikishashikwa na marehemu haiishi chaji. Bondeni, kila marehemu, wa droo hiyo na wale waliozikwa na simu zao, aliingia katika boma lake na kuamuru magodoro yapandishwe, mbuzi wafunguliwe, watoto wahesabiwe. Hakuna aliyebisha. Mtu aliyezikwa kwenye ua wako, akikuambia ondoka, unaondoka.

Edinah alifunga kibanda akakimbia. Ploti yake ilikuwa mwisho kabisa, nyuma ya kona ya mto, ambako miwa mirefu humzuia mtu kuona wengine wakihama. Aliinunua miaka sita iliyopita, alipotoka Kisii baada ya ndoa kumshinda. Huko ndiko alikoishi na mama yake, Marcella, ambaye miguu ilimvimba hata akaacha kutembea. Marcella alikuja kwa binti kwa sababu yeye na mke wa Okari, mwanawe wa kiume, hawakuiva chungu kimoja. Uani mwao kulikuwa na mpapai, banda la kuku na tanki la maji. Kaburi halikuwapo.

Alimkuta mama ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Hakukuwa na mkokoteni wa kuazima, yote ilikuwa imebeba magodoro. Edinah akambeba mgongoni, akimtua kila baada ya hatua chache, na saa nane ikawakuta njiani. Walipofika chini ya kilima cha shule maji yalikuwa yakimpiga mapajani, na mama alikuwa bado ameshika ungo wa maharagwe, hajamwaga hata moja. Kuku kumi na wawili walienda na maji, na kitanda pia.

Usiku huo Edinah alilia kwa woga, si kwa kuku. Alijua kilichomwokoa mama yake ni ile droo, na droo sasa haikuwa na kitu. Mto ungefurika tena, yeye angekuwa sokoni, na mama angekuwa mlangoni na maharagwe yake.

Maji yalipopungua alienda kwa naibu chifu, Bonface, mtu mpole aliyependa karatasi nadhifu. Alipomuuliza kwa nini tahadhari iliwafikia wafu tu, Bonface hakuficha.

"Ilikuwa Ijumaa jioni," alisema. "Simu ikatoka Migori, wanataka majina na namba za watu wote wa kando ya mto, kabla ya saa kumi na moja. Madam, hii kijiji mtu hakupi namba yake. Anadhani ni wanasiasa. Kitabu moja tu ndiyo ilikuwa imejaa vizuri: jina, boma, namba ya simu, kila kitu."

"Kitabu gani?"

"Ya vibali vya mazishi."

Hapo Edinah akaelewa. Mtu anaweza kuishi miaka themanini bila karatasi, lakini hazikwi bila karatasi.

"Basi waambie ulikosea."

"Nikisema nilikosea nitaulizwa kwa nini." Bonface alinyoosha pembe ya kitabu kwa kiganja. "Na kila mwisho wa mwezi lazima nitume nyongeza ya majina. Natuma."

Edinah alipanda gari akaenda Migori mjini, hadi ofisi inayotuma tahadhari. Alipokewa na kijana aliyeitwa Benard, aliyekuwa na kompyuta mbili na andazi moja. Edinah alimweleza kila kitu, kuanzia droo hadi ungo. Benard alisikiliza kwa adabu, kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Ona hii, mathe. Tulituma mia mbili na kumi na nne. Zimefika mia mbili na kumi na nne. Zimesomwa zote. Kaunti yote hakuna place ingine imefikisha asilimia mia."

"Lakini hao wamekufa."

"Si ndiyo maana wako sawa? Nyinyi mlio hai mnabadilisha laini kila siku. Mkienda huko karibu na mpaka simu zinashika mnara wa Tanzania. Hawa hawaendi popote." Alikata andazi, akampa nusu. "Na hakuna hata mmoja ameleta malalamiko."

"Mimi nimeleta."

"Jina lako haliko kwa list."

"Basi niweke."

"Siwezi kuingiza mtu kwa mkono, mathe, itaharibu hesabu. Majina yanatoka kwa naibu chifu." Kisha, kwa huruma ya kweli, akaongeza: "Lakini usijali, utaingia tu. Kila mtu huingia."

Edinah alirudi nyumbani na hasira zake. Alimsimulia mama yake yote wakila ugali. Marcella alikuwa na miaka sabini na tisa, Msabato wa kubatizwa mtoni, na mtu wa kufanya uamuzi kabla sahani haijapoa.

"Ninunulie laini," alisema.

"Ya nini, mama? Hutaki hata kushika simu."

"Iwe kwa jina langu. Na siku yangu ikifika usinipeleke Kisii. Nizike hapa, kando ya mpapai."

Edinah aliacha kutafuna. Kwao mke huzikwa kwa mumewe, na baba yake alikuwa amelala huko nyumbani, juu ya mteremko wa chai, na nafasi ya Marcella ilikuwa imeachwa kando yake tangu 2008. Hata maua yalikuwa yamepandwa kuizunguka.

"Mama, watu watasema nini? Na baba?"

"Baba yako nimekaa naye miaka arobaini na miwili, hatanisahau. Wewe hapa huna mtu." Marcella alichovya tonge kwenye mchuzi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa hapa mwaka wa sita. Jembe langu ndilo hilo la kunichimbia."

Laini ilinunuliwa Alhamisi. Marcella aliiweka pamoja na simu ya vitufe kwenye mfuko wa sweta na, kwa kadiri Edinah alivyojua, hakumpigia mtu yeyote.

Alifariki mwezi wa kumi na moja, alasiri, akiwa kwenye kiti chake, kwa uzee tu. Okari alifika kesho yake na gari la kubebea maiti, na wazee wawili wa ukoo.

"Edinah, dada yangu, unataka kututupia mama kwenye matope ya watu?" alisema akilia. "Baba atalala na nani?"

"Alikupigia?"

Okari aligeukia gari. Kwa hakika mama alikuwa amempigia, simu moja tu, kabla ya kufa, akamwambia maneno ambayo Okari hakutaka kuyarudia mbele ya wazee. Alikaa kwenye ukingo wa gari akalia mpaka akatosheka. Kisha akavua koti, akachukua jembe, akaanza kuchimba kando ya mpapai. Edinah alimpenda ndugu yake siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Bonface alikuja na kitabu. Aliandika jina, akaandika boma, kisha akainua kalamu.

"Namba ya simu ya marehemu?"

Edinah akaitaja polepole. Bonface aliirudia kwa sauti, tarakimu moja moja, asikosee. Marcella akazikwa na sweta yake, simu ikiwa mfukoni, na mwisho wa mwezi Bonface alituma nyongeza.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja na hamaki. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa nne tena. Kwa kuwa ilikuwa Sabato kibanda kilifungwa, na Edinah alikuwa akipiga nguo ya kanisani kwa pasi ya makaa alipousikia ule mlio mkali, safari hii kutoka uani, chini ya mpapai. Simu yake mwenyewe ilikuwa mezani, kimya.

Akaweka pasi kando. Mlango ukafunguliwa na Marcella akaingia akitembea. Alitembea vizuri, kwa miguu isiyo na uvimbe, na kitambaa cheupe kichwani kilikuwa safi. Edinah alijawa na furaha kiasi cha kusahau kusalimia.

"Zima hiyo pasi kabla haijachoma nyumba," alisema mama. "Saa sita maji yatakuwa hapa. Chukua title ya shamba, chukua taa ya sola. Kuku nimeshawafungulia."

"Mama, leo Sabato."

"Ng'ombe akiingia shimoni siku ya Sabato hutolewa. Sembuse wewe. Haya!"

Walipita njia ya miwa. Kwenye ploti iliyofuata walikuwa wamehamia Ryoba na mkewe Priscilla, Wakuria vijana waliotoka upande wa Isebania mwezi wa kwanza kulima mahindi, na mtoto wa miezi mitano. Uani mwao palikuwa na kamba ya nguo tu. Priscilla alikuwa akianika nepi, na simu ikicheza nyimbo za injili mfukoni mwake.

Edinah akasimama. "Na hawa?"

Marcella alitoa simu, akaitazama kwa mbali kama watazamavyo watu wasiozoea. "Hapa wanasema familia yako."

"Najua wanavyosema."

Marcella akairudisha mfukoni, akaingia kwenye ua ule bila hodi. "Mama nanii, mpe mumeo huyo mtoto abebe. Kuanzia leo mimi ni nyanya yenu. Tunaenda juu."

Priscilla alimtazama, akaona udongo kwenye pindo la gauni lake. "Karibu, nyanya," alisema, akaanua nepi.

Saa sita kamili Mto Kuja ulivunja ukingo. Kilima cha shule kilikuwa kimejaa. Kila familia ilikaa na wafu wake, na Mzee Onyango alipita akihesabu watu kwa kidole. Alipofika kwa Marcella aliwahesabu Wakuria pia, akaguna, lakini hakuwatoa kwenye hesabu. Wageni wengine wawili, wauza samaki kutoka Sindo waliopanga chumba karibu na daraja, hawakuonekana kilimani, na hawakuonekana baadaye pia. Nyumba waliyopanga haikuwa na kaburi. Watu waliwataja kwa majina.

Saa nane simu za marehemu wote zililia tena. Kilima kizima kiliinamia vioo. Marcella alimpa binti yake simu.

"Nisomee. Herufi ni ndogo."

Edinah akasoma: "SERIKALI INAKUJALI. TAFADHALI THIBITISHA KUWA UKO SALAMA. JIBU NDIYO."

"Nijibie," alisema mama, akajifunga kitambaa vizuri. "Mwambie niko salama."

Edinah akaandika NDIYO, akatuma. Ujumbe ulienda mara moja. Kisha akatoa simu yake mwenyewe. Ilikuwa na chaji asilimia mia na mtandao wa kutosha, na hakuna mtu aliyekuwa ameiuliza chochote.