Mwenye Wimbo

Shuka la thelathini na mbili lilikuwa mezani, pasi ikitoa mvuke, sauti ya marehemu mumewe ilipokatika masikioni mwa mpiga pasi. Akakitoa kidude cha muziki mfukoni, akakigonga pajani. Kiooni yalikuwapo maneno mawili tu: RUHUSA IMEKWISHA.

Miaka sita, katika chumba hicho cha kufulia nguo za hospitali, alikuwa akinyoosha mashuka huku mumewe akimwimbia. Wimbo mmoja tu, maana ndio pekee aliowahi kurekodi. Majirani walisema mtu yule akiimba kwenye foleni ya bomba, ndoo zilijaa zikamwagika na hakuna aliyekumbuka zamu yake. Walitia chumvi, lakini si nyingi.

"Ruhusa ya nani?" akauliza mwenzake wa meza ya pili. "Mume wako, masikio yako."

"Labda kidude kimenichoka."

"Kipeleke kwa wenyewe, dada. Nitakushikia haya mashuka. Ila ya wodi ya wazazi siyakunji, nakwambia mapema."

Ofisi ya kampuni ya muziki ilikuwa na ubaridi wa kuhifadhia samaki. Karani, rika la kitinda mimba wake, alisimama kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wimbo wangu umefungwa. Niliununua hapahapa."

"Ulinunua kuusikiliza, mama. Kila mwaka kidude kinatuuliza kama bado una haki. Safari hii hakikujibiwa, mtambo wa zamani tumeuzima. Jaza fomu hii, tutakithibitisha upya."

Jina lake akaandika. Namba ya kidude akainakili, tarakimu moja moja, miwani puani. Kisha: *Mwenye wimbo*. Hapo hakusita. Aliandika jina la mumewe kwa herufi kubwa, akalipigia na mstari. Wimbo ule ulitungwa jikoni kwake, sufuria ikiungua.

Karani akaingiza majibu. Kompyuta ikatoa mlio mmoja. Kioo cha kidude kikawa cheusi.

"Mama, hapa kwenye mwenye wimbo umeandika nini?"

"Mwenye wimbo. Aliyeuimba."

"Mwenye wimbo ni kampuni. Yeye alitia sahihi, akatuachia. Ukimtaja mwingine, mtambo unahesabu ni wizi. Unafuta."

"Umeufuta?"

"Si mimi, mama. Mtambo."

"Nipe fomu nyingine. Nitaandika kampuni."

"Fomu ni moja kwa kila kidude."

"Basi niuzie tena."

Karani akatafuta. "Upo kwetu. Ila tumeuondoa dukani, haukuwa na wateja."

"Na mimi?"

"Wewe ni mmoja, mama." Alisema kwa huruma kabisa.

Mpiga pasi akainama kwenye dirisha la karani. "Niwekee nisikie hapo kwako, mara moja tu. Siubebi."

Kijana akatazama kamera iliyokuwa darini. "Nikiufungua, kesho sina kazi. Pole sana, mama. Anayefuata."

Mlangoni palikuwa na mashine yenye vitufe vitatu: uso unaocheka, uso mkavu, uso ulionuna. Bila kubonyeza kimojawapo, mlango haufunguki. Viwili vilikuwa vimezibwa kwa utepe wa gundi.

"Bonyeza unaocheka, mama," mlinzi akamwelekeza. "Ndio mzima."

Akabonyeza. Mlango ukafunguka, na mashine ikamshukuru kwa sauti nyororo iliyorekodiwa.